Mpishi wa Marka: Uchambuzi wa Kisa cha Mwisho cha Ndui

Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lilisimama kwenye hospitali ya Marka, mji wa kale wa bandari katika pwani ya Banadir nchini Somalia. Ndani mlikuwa na watoto wawili wenye ndui. Walitoka Kurtunwaarey, upande wa bara, kwenye familia za wafugaji wanaohamahama, na dereva alikuwa anawapeleka kambi ya kutengea wagonjwa. Njia hakuijua, akauliza. Mpishi wa hospitali, kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin, hakuishia kumwelekeza kwa maneno. Alipanda garini mwenyewe, akawafikisha nyumbani kwa kiongozi wa kikosi cha ndui cha mji ule. Mwendo wenyewe haukuzidi robo saa. Kabla hawajaondoka aliulizwa kama amechanjwa. Jibu lake lilikuwa kwamba hilo lisiwape shida, waende zao.

Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka 6, alifariki siku mbili baadaye. Ndiye binadamu wa mwisho kufa kwa ndui aliyoipata kwa njia ya kawaida, mtu kwa mtu. Na Ali ndiye wa mwisho kuugua kwa njia hiyo. Ugonjwa ambao katika karne ya 20 peke yake unakadiriwa kuua watu wapatao milioni 300 uliishia kwenye mwili wa mpishi aliyemsaidia mgeni kupata njia.

Kisa hiki nimekuwa nikikitumia kwa miaka kadhaa ninapozungumza na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kila mara nalazimika kuwazuia wasikimbilie mwisho wake. Mwisho unajulikana na unafurahisha. Mimi huwaomba wakae kwenye siku 18 tu, kuanzia tarehe 12 hadi 30 Oktoba. Ndani ya siku hizo kuna mtu aliyeijua ndui kuliko majirani zake wote, aliyewahi kufanya kazi katika kampeni ya kuitokomeza, aliyekula mshahara wa hospitali, na ambaye hata hivyo hakuwa na kinga. Kuna madaktari na wauguzi waliomwona kwa macho yao wakakosea mara mbili. Ilikuwaje?

Marka si nchi ya mbali kwetu watu wa pwani. Ukiifuata bahari kwenda kusini unafika Barawa, ambako wenyeji wanazungumza Chimwiini, lahaja ya Kiswahili. Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi na kufa Tanga, alikuwa na uso wenye mashimo madogo madogo ya ndui tangu utoto wake, na sisi wajukuu tulikuwa tukiyagusa kwa vidole bila kujua ni kitu gani. Alituambia tu kwamba mwaka ule walizikwa watoto wengi. Kwa hiyo nikisema ndui, sisemi neno la kitabuni.

Ugonjwa wenyewe

Kirusi cha ndui kinaitwa variola. Ni kikubwa kuliko virusi vingi, kina umbo la tofali, na urithi wake umeandikwa katika DNA yenye herufi zipatazo 186,000. Virusi vingi vya DNA huingia mpaka ndani ya kiini cha seli ili kuzaliana. Hiki hubaki nje ya kiini, kwa sababu kinabeba vitendea kazi vyake chenyewe. Jamaa zake wanajulikana: virusi vya ndui ya ng'ombe, virusi vya mpox, na vaksinia, kile kirusi kisicho na makali kilichotumika kutengeneza chanjo. Wanafanana kiasi kwamba mwili uliomjua mmoja huwatambua wengine, na hapo ndipo chanjo ilipopatia nguvu zake.

Mtu huvuta kirusi kwa pumzi, mara nyingi akiwa uso kwa uso na mgonjwa. Kisha siku 7 hadi 17 hupita kimya, kwa kawaida kati ya 10 na 14. Hana dalili na haambukizi. Baadaye huja homa kali, kichwa kuuma, mgongo kuuma, na watu hulala kitandani. Baada ya siku 2 hadi 4 hutokea vidonda mdomoni na kooni, halafu vipele usoni, mikononi na miguuni, hata kwenye viganja na nyayo. Hapo ndipo mgonjwa anapoanza kuambukiza kwa nguvu.

Kwa anayetaka kuitambua ndui, jambo kubwa ni mwenendo wa vipele. Vya ndui huenda pamoja kama vijana wa rika moja: sehemu moja ya mwili vyote ni vya maji, kisha vyote vya usaha, kisha vyote hukauka kuwa magaga. Tetekuwanga haina utaratibu huo. Vipele vyake hujaa zaidi kifuani na mgongoni, na ukitazama mahali pamoja utakuta kimoja kichanga, kingine kimepasuka, cha tatu kimeshakauka. Tafadhali mliweke hilo akilini, kwa sababu tutalirudia.

Kulikuwa na ndui za aina mbili. Ile kubwa, variola major, iliua watu wapatao 30 katika kila 100 walioipata. Mgonjwa wa mwisho wa aina hiyo kwa njia ya kawaida alikuwa mtoto wa Bangladesh, katika kisiwa cha Bhola, mwaka 1975. Ile ndogo, variola minor, iliua mtu 1 hivi katika 100, na ndiyo iliyobaki Ethiopia na Somalia. Upole huo ulikuwa na hasara yake. Mgonjwa wa ndui kubwa hulala, na kijiji kizima kinajua. Mgonjwa wa ndui ndogo anaweza kuendelea kuswaga ngamia zake huku anatembea na kirusi kutoka kisima hadi kisima. Pamoja na upole wote huo, yule msichana wa Kurtunwaarey alikufa. Neno "ndogo" halikumfaa kitu.

Ndui ilikuwa na udhaifu ambao magonjwa mengi hayana. Haikuwa na mnyama wa kuihifadhi porini. Haikujificha ndani ya mtu aliyepona. Aliyepona alipata kinga ya kudumu na mara nyingi alibaki na alama usoni, hivyo mtafutaji aliweza kuingia kijijini na kusoma historia ya ugonjwa kwenye nyuso za watu. Na chanjo ilifanya kazi hata ikichelewa: mtu aliyekutana na mgonjwa akichanjwa ndani ya siku 3 au 4, mara nyingi alinusurika au aliugua kidogo tu.

Shirika la Afya Duniani lilipoanza kampeni kali mwaka 1967 chini ya Mmarekani D. A. Henderson, ndui ilikuwa bado inawapata watu kati ya milioni 10 na 15 kwa mwaka. Silaha zilikuwa za kawaida mno. Chanjo iliyokaushwa, iliyostahimili joto bila jokofu. Sindano ndogo yenye ncha mbili kama uma, inayoshika tone la chanjo katikati ya ncha zake. Unachoma ngozi ya mkono mara 15 haraka haraka, basi. Kazi hiyo mtu asiye na elimu ya udaktari aliweza kuijua kwa muda mfupi tu. Na mbinu moja iliyozaliwa Nigeria mwishoni mwa 1966, pale daktari William Foege alipoishiwa chanjo ya kuwatosha wote akaamua kuwazungushia ngao wagonjwa tu: mtafute mgonjwa, mtenge, wachanje waliomzunguka na wale wanaowazunguka hao. Ugonjwa ukikosa mtu mpya wa kumwingia, unakwisha.

Kwa nini Somalia

Agosti 1976 mgonjwa wa mwisho wa Ethiopia alipatikana katika nyika ya Ogaden, na wengi walidhani kazi imekwisha. Mwezi uliofuata ndui ikaonekana Mogadishu. Maofisa wa Somalia hawakusema yote waliyoyajua, na kwa miezi kadhaa wagonjwa walikuwapo ambao dunia haikuambiwa. Nalisema hili bila kuwabeza. Nchi inayotangaza ndui wakati dunia nzima inajiandaa kusherehekea hujiona imeumbuliwa. Lakini ukimya ule ulilipiwa. Mwaka 1977 Somalia ilihesabu wagonjwa zaidi ya 3,000. Wachache walivuka mpaka wakaugulia Mandera, Kenya. Mwezi Julai vita vya Ogaden vikaanza, watu wakahama kwa maelfu, na Novemba ulikuwa mwezi wa Hija. Fikiria mahujaji wanaondoka bandari za Banadir na ndui kuelekea Makka, ambako kila taifa la Waislamu lina watu wake.

Ilibidi kazi ifanyike kwa miguu. Watafutaji wa Kisomali, pamoja na wataalamu wa kimataifa waliokuwa chini ya Zdeněk Ježek kutoka Czechoslovakia, walipita kambi kwa kambi wakiwa na kadi yenye picha ya mtoto mwenye ndui. Wanaonyesha, wanauliza: mmemwona mtu kama huyu? Aliyetoa habari za mgonjwa wa kweli alipewa zawadi ya fedha. Ndivyo watoto wa Kurtunwaarey walivyopatikana, na ndivyo gari lao lilivyofika Marka.

Siku 18

Tuanze na mkono wa Ali. Watumishi wa hospitali walitakiwa wawe wamechanjwa. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya muda katika kampeni ya ndui. Lakini hakuwa na chanjo iliyoshika mwilini mwake, na miaka mingi baadaye alieleza sababu bila kujipamba: aliogopa. Aliona sindano inauma.

Wanafunzi wangu hucheka hapo, nami huwaambia wasicheke. Tumezoea kusema watu wanakataa chanjo kwa kukosa elimu. Ali hakukosa elimu. Alijua ndui ni nini na chanjo ni nini, na aliziona sindano zikiingia kwenye mikono ya wenzake. Hofu ya maumivu haikai pamoja na ujuzi katika chumba kimoja cha akili. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na siku ya sindano hofu ndiyo ikafungua mlango. Lawama yangu siipeleki kwake. Chanjo ya ndui ilikuwa na jambo jema ambalo chanjo nyingi za leo hazina: ikishika, inaacha kovu. Hukuhitaji cheti wala daftari. Ungemwambia mpishi akunje mkono wa shati, ungepata jibu lako kwa sekunde 2. Katika hospitali iliyo kwenye njia ya magari ya ndui, hakuna aliyelitazama bega la mpishi hadi mwisho. Pengine ni kwa sababu alikuwa mpishi. Tunapopanga orodha ya "watumishi wa afya" huwa tunaanza na daktari na muuguzi, na tunamsahau anayepika uji, anayefagia wodi na anayefungua geti. Kirusi hakina orodha hiyo.

Sasa dereva. Aliuliza swali sahihi kabisa. Alipopata jibu lisilojibu kitu, akaliacha. Simlaumu sana: jua, njia asiyoijua, watoto wanaougua nyuma yake, na mwenyeji mkarimu anayesema twende. Lakini angesema "shuka kwanza" tu, jina la Ali lisingejulikana na mtu yeyote nje ya Marka. Tena hata baada ya safari ile njia ilikuwa bado wazi. Mtu yeyote aliyejua kwamba mpishi alipanda gari lile angeweza kumchanja siku hiyohiyo au kesho yake, na siku 3 au 4 za neema zingemtosha. Watoto walipokelewa vizuri. Aliyewasindikiza hakuandikwa popote.

Tarehe 22 Oktoba, siku ya 10, Ali akapata homa na kichwa kikamuuma. Hospitali yake ikamtibu malaria. Kosa la kwanza, na mimi nalielewa, kwa sababu homa katika pwani ile huanzwa kwa kudhaniwa malaria, kama ilivyo kwetu. Bado ilikuwapo habari moja ambayo ingebadilisha kila kitu: siku 10 zilizopita alikaa gari moja na wagonjwa wa ndui. Kwa mtu anayejua ndui, siku 10 ni kama saa iliyotegwa. Swali "umekutana na nani wiki mbili hizi?" halikuulizwa, au kama liliulizwa, jibu halikusikilizwa.

Tarehe 26 vipele vikatoka. Wakasema ni tetekuwanga, wakamrudisha nyumbani. Hili la pili linaniuma zaidi. Wakati huo kila mtumishi wa afya wa Somalia aliishi katikati ya kampeni ya ndui, na kadi ya picha ilikuwa inazunguka hadi kwenye mahema ya wafugaji. Lakini aliyelala mbele yao alikuwa mwenzao, kijana wa jikoni waliyemzoea, na nadhani macho hukataa kuona jambo kubwa kwenye uso wa mtu wa kila siku. Siku ya kwanza vipele vya ndui ndogo vinaweza kweli kudanganya. Siku ya pili na ya tatu, vikiwa vimejipanga usoni na mikononi kwa umri mmoja, havidanganyi tena. Ila siku hizo Ali alikuwa nyumbani, na hakuna aliyekwenda kumtazama upya.

Aliyezidi kujua ni Ali mwenyewe. Alipoviona vipele vinavyokwenda alielewa ana nini. Hakujitangaza, kwa sababu aliiogopa kambi ya kutengwa.

Hapa huwa nawasimamisha wanafunzi kwa muda mrefu. Kambi ilikuwapo kwa faida ya watu wote, na kila mkuu wa kampeni angekueleza umuhimu wake. Kwa mgonjwa, kambi ni kuondolewa kwako, kukaa na usiowajua, kulindwa usitoke, na kungoja. Ukiijenga kambi ambayo hata mchanjaji wako mwenyewe anaiogopa, umejenga pia sababu ya watu kujificha, na mgonjwa mmoja aliyejificha anaweza kuharibu kazi ya wachanjaji mia. Programu za ndui katika nchi kadhaa zililijua hili zikaanza kuwatenga wagonjwa majumbani, huku zikiwalipa walinzi na kuipa familia chakula. Huo ndio uungwana ninaotaka wahudumu wetu waujifunze kabla ya kujifunza kujaza fomu. Mtu akijua kwamba akisema ukweli wanawe watakula na jirani hatamchomea nyumba, atasema.

Tarehe 30 Oktoba muuguzi wa kiume akatoa taarifa. Palikuwa na zawadi ya shilingi 200 za Kisomali kwa atakayefichua mgonjwa, na wapo wanaoliona jambo hili kuwa usaliti wa rafiki. Mimi sioni usaliti. Fedha ile iliwekwa makusudi kwa saa kama hiyo, ili kusema kuwe na uzito kuliko kunyamaza. Kijana yule aliiokoa Marka, na inaelekea alimwokoa Ali asibebe maisha yake yote jeneza la mtu aliyemwambukiza.

Hesabu ya siku 4

Tukae kidogo na hesabu, maana ndani yake ndimo ulimojificha uzuri wa kazi iliyofuata. Kuanzia tarehe 12 hadi 22 Ali hakuambukiza mtu. Kuanzia 22 hadi 26 hatari ilikuwa ndogo. Siku za kuogopwa ni kuanzia 26, vipele vilipotoka, hadi 30. Sasa kumbuka kwamba chanjo huokoa ndani ya siku 3 au 4 baada ya kukutana na mgonjwa. Waliomtembelea tarehe 27, 28 na 29 walikuwa bado ndani ya dirisha. Hata wa tarehe 26 walikuwa ukingoni. Taarifa ile ilifika katika siku za mwisho ambazo bado ingeweza kuwa na maana. Ingechelewa hadi tarehe 3 au 4 Novemba, kikosi kingekuwa kinachanja watu ambao kirusi kimeshakita mizizi ndani yao.

Na wageni walikuwa wengi, kwa sababu Ali alipendwa. Alipolala hospitalini walimiminika kumjulia hali, kama desturi zetu zinavyotaka. Kikosi kiliwatafuta mmoja mmoja waliotangamana naye, kikapata 161, wengine wakiwa wameshakwenda umbali wa hadi kilomita 120 kutoka mjini. Wote pamoja na familia zao waliwekwa chini ya uangalizi kwa wiki 6. Hospitali ikafungwa isipokee wagonjwa wapya, waliokuwa ndani wakazuiwa kutoka, watumishi wakachanjwa. Nyumba 50 za mtaa wa Ali zikachanjwa kwanza, kisha mji mzima. Polisi wakasimama kwenye barabara na hata kwenye vijia vya miguu. Anayeingia anachanjwa, anayetoka anachanjwa. Ndani ya wiki 2 watu 54,777 walipata sindano ile ya ncha mbili.

Hakuna aliyeugua. Hata mmoja.

Nimeulizwa mara nyingi kama ilikuwa bahati. Sehemu ndogo, ndiyo. Wengi wa waliomzunguka walikuwa na kovu begani tangu zamani, na ndui, tofauti na surua, huhitaji ukaribu wa muda ili iruke. Na bado kama watu 161 wangekuwa 130 kwa sababu mwandishi mmoja alichoka jioni, nani ajuaye wale 31 walikuwa wapi? Ali alipona, akaachiwa mwishoni mwa Novemba.

Kutafuta ambacho hakipo

Kupata mgonjwa ni kazi. Kuthibitisha kwamba hakuna mgonjwa ni kazi nzito zaidi, kwa sababu huwezi kuonyesha kitu mkononi. Marka ilipekuliwa nyumba kwa nyumba kila mwezi. Nchi nzima ikapekuliwa, msako wa kwanza ukakamilika 29 Desemba 1977. Kila kipele cha kutiliwa shaka kilichukuliwa sampuli, na sampuli zikapelekwa maabara za Moscow na Atlanta. Zikarudi tetekuwanga, tetekuwanga, tetekuwanga.

Tarehe 17 Aprili 1978 ofisi ya Shirika la Afya Duniani iliyokuwa Nairobi ilituma simu ya maandishi Geneva: utafutaji umekamilika, hakuna mgonjwa aliyepatikana, Ali Maow Maalin ndiye mgonjwa wa mwisho wa ndui anayejulikana duniani. Sheria waliyojiwekea ilikuwa kungoja miaka 2 kamili. Wakangoja. Tarehe 26 Oktoba 1979, miaka 2 tangu siku vipele vya Ali vilipotoka, mkurugenzi mkuu wa shirika, Halfdan Mahler, alitangaza palepale Nairobi kwamba Pembe ya Afrika imesafika. Waliotia sahihi hati ya kimataifa tarehe 9 Desemba mwaka huo ni pamoja na Mkenya, daktari Koinange. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliitangazia dunia tarehe 8 Mei 1980.

Katikati ya kungoja kule kulitokea msiba Uingereza. Mwaka 1978 mpiga picha wa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Birmingham, Janet Parker, alipata ndui iliyotoka kwenye maabara iliyokuwa ikikichunguza kirusi katika jengo lilelile alilofanyia kazi, akafariki tarehe 11 Septemba. Ndiyo sababu kila anayemwita Ali "wa mwisho" anaongeza maneno "kwa njia ya kawaida". Leo kirusi hicho kinajulikana kuhifadhiwa mahali pawili tu, Atlanta nchini Marekani na Koltsovo nchini Urusi.

Ndui ilipokwisha, chanjo yake ilisimamishwa kila mahali, kwa haki kabisa. Kwa hiyo walio chini ya miaka 40 na kitu hawana lile kovu. Lile walilonalo wengi begani ni la chanjo ya kifua kikuu. Gharama yake tumeiona kwa jamaa wa ndui, mpox, ambayo mgonjwa wake wa kwanza kati ya binadamu alitambuliwa mwaka 1970 huko Basankusu, Zaire, wakati watu wakiwinda ndui. Aina mpya yake iliyogunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, ilifika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya mwaka 2024. Mpox si ndui na haiui kama ndui. Lakini waliokwenda kuwatafuta waliotangamana na wagonjwa kule Kivu na mipakani wamekutana na Ali wengi: mtu mwenye vipele, anayejua, anayeogopa kusema.

Ali baadaye

Kwa miaka mingi alikaa na siri yake kama kila mtu anavyokaa na ujinga wa ujanani. Mwaka 2004 akajiunga na kampeni ya kutokomeza polio katika nchi yake. Somalia wakati huo haikuwa na serikali iliyoshika nchi nzima, na njia kati ya kijiji na kijiji zilikuwa mikononi mwa wenye silaha. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na watu. Alisema kwamba Somalia ilikuwa ya mwisho kwa ndui na hakutaka iwe ya mwisho kwa polio. Mzazi alipokataa matone, Ali hakumhutubia. Alimsimulia habari zake mwenyewe: mimi ndiye yule, niliogopa sindano, nikaugua ugonjwa ambao ungeweza kuzuiwa, usifanye upumbavu nilioufanya mimi. Nimewasikia wahamasishaji wengi wazuri, na sijamsikia mwingine aliyekuwa na haki kama yake ya kusema maneno hayo. Mwaka 2008 Somalia ilitangazwa kuwa haina polio.

Mwaka 2013 polio ikarudi, Mogadishu kwanza, kisha ikavuka hadi kambi za wakimbizi za Dadaab. Ali, akielekea miaka 60, alirudi mitaani Marka na masanduku ya chanjo. Akiwa katika kazi hiyo akapata homa. Alifariki tarehe 22 Julai 2013, na safari hii ilikuwa malaria kweli.